Samaki wa Harusi ya Ailsa

Kwa akina McKerrow hakuna aliyeoa wala kuolewa kabla ya kupanda mto Dunlea. Wiki ya harusi, wachumba huondoka pamoja na wazazi, hulala kwenye kibanda cha mabati alichojenga babu yao kule juu, msitu unapokutana na mawe, na huvua trauti kwa ndoano zilizofungwa manyoya na uzi zikafanana na wadudu. Samaki hao hukaushwa kwa moshi na kuwekwa kwenye meza ya harusi kabla ya nyama, kabla ya kitu kingine chochote. Mimi ni jirani yao. Uzio mmoja tu ndio unaotenga kondoo wangu na wao, na nimekula samaki hao kwenye harusi tatu. Ya nne ingekuwa ya Ailsa, mwezi wa pili, siku ya Jumamosi. Mke wangu Jocelyn ndiye aliyeoka keki. Hata sasa nikiingia jikoni naona mahali ilipokuwa imewekwa.

Ailsa alikuwa mtoto pekee aliyebaki shambani. Kaka zake wawili walishahamia Australia zamani, wakawa watu wa kupiga simu Krismasi. Yeye alikata kondoo manyoya, alirekebisha nyua, na alirusha mshipi vizuri kuliko mwanamume yeyote wa bonde letu isipokuwa baba yake, mzee Struan. Mchumba wake, Regan Pohatu, alikuwa fundi umeme kutoka Bluff, kule mwisho wa barabara kwenye chaza na mawimbi. Alikuja kutengeneza nyaya za banda la kukatia manyoya. Akarudi wiki iliyofuata.

"Swichi imeharibika tena?" Ailsa alimuuliza.

"Haijaharibika. Nimeona nije niiulizie hali."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mengine niliyaona mwenyewe, na mengine alinisimulia Ailsa mwaka ule ule, tukiwa zizini, mikono yetu ikiwa na kazi. Ana kwa ana, bila kazi, asingeweza.

Walipanda mto Jumatatu, watu wanne: Struan, mkewe Netta, Ailsa na Regan. Siku ya kwanza ilikuwa ya kicheko kitupu. Regan alilelewa baharini, alijua nyavu na mitego, lakini ufito ule mwembamba wa kuvulia ulimshinda. Kila akirusha, ndoano ilipaa nyuma yake na kunasa matawini.

"Mti huo umekukosea nini?" Struan alimuuliza.

"Nafanyia mazoezi, mzee. Nikimalizana na huu nahamia ule pale."

"Mkwe, samaki wako majini. Ukiwatafuta juu ya miti utaoa na meza tupu."

"Mwache, Baba," Ailsa alisema. "Wewe ulimfundisha Mama mpaka akautupa ufito mtoni."

"Sikuutupa," Netta alijibu akiwa kwenye moto na birika lake. "Uliniponyoka kwa hasira."

Jioni Struan alikaa kwenye ngazi ya kibanda kufunga ndoano kwa ajili ya asubuhi. Kazi hiyo alikuwa akiifanya tangu yuko shule ya msingi, hata gizani angeweza. Lakini uzi ulipofika katikati vidole vyake vilisimama. Akautazama ule uzi kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake amshikie. Netta alitoka ndani, akachukua ndoano mkononi mwake, akaimalizia.

"Macho yake siku hizi," aliwaambia wengine.

Wakati wa chakula Struan alimwita Regan kwa jina la Dougal. Dougal alikuwa mdogo wake, msimamizi wa harusi yake mwenyewe, aliyelala naye kwenye kibanda kile kile kabla Struan hajamwoa Netta. Moyo ulimsimama Dougal akiwa shambani kwake miaka mingi iliyopita. Mezani watu walicheka. Regan akasema ameshaitwa mabaya zaidi ya hayo, tena na mama yake mzazi.

Netta hakucheka. Ailsa alikumbuka baadaye kwamba mama yake aliinuka akaenda kuosha sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Jumatano upepo wa kaskazini-magharibi ulianza kuvuma, upepo wa joto unaokausha midomo. Juu ya kibanda anga lilikuwa la buluu. Lakini nyuma ya milima lilisimama wingu jeusi, refu kama ukuta. Sisi wa huku tunaujua upepo huo. Mvua inanyesha mahali usipopaona, na mto hukuletea habari baadaye. Hakuna aliyeijua habari hiyo kumzidi Struan. Ndiye aliyetufundisha wote bondeni, watoto kwa wakubwa, kwamba maji yakibadilika rangi unakunja ufito unarudi nyumbani; samaki watakuwepo kesho, wewe hatujui.

Asubuhi hiyo Ailsa alikuwa amenasa samaki mkubwa, mkubwa kuliko wote wa wiki ile, na Regan amesimama kando yake na wavu mdogo wa kumpokelea. Struan alikuwa ametangulia juu, nyuma ya kona. Ailsa aliona jani bichi likipita, kisha povu, kisha vijiti. Maji yaliyokuwa magotini yakawa mapajani, na rangi yake ikawa ya chai iliyotiwa maziwa. Akachukua kisu akakata mshipi.

"Mbona umemwachia?" Regan aliuliza.

"Maji yamegeuka. Twende tukamchukue Baba."

"Si atakuwa ameshaona?"

"Ndiyo maana nashangaa hajarudi."

Walipopita kona waliona ufito wa Struan umelazwa juu ya mawe, umenyooshwa vizuri. Mwenyewe alikuwa katikati ya mto, maji kiunoni, hana hata mkongojo. Alikuwa akizungumza na ukingo wa pili ambako hapakuwa na mtu.

"Nakuja, Dougal. Usianze bila mimi."

Ailsa alimwita, Baba, Baba, na yeye hakugeuka. Regan alikuwa tayari ameingia majini. Alikuwa mtu mwenye nguvu, lakini mto si bahari. Bahari hukusukuma ikakurudisha, mto huchukua moja kwa moja. Alimfikia mzee, akamshika ukosi wa koti, akamgeuza, wakaanza kurudi kwa ubavu hatua kwa hatua. Struan alipigana naye.

"Niachie. Wewe nani?"

"Regan, mzee. Mkwe wako."

"Simjui Regan."

"Sawa. Twende tukanywe chai, tutajuana huko."

Aliyasema kwa utulivu kama mtu anayezungumza na mteja mkorofi. Ailsa aliyasikia yote, maana walikuwa wamekaribia. Akalala kifudifudi juu ya mawe, akanyoosha mikono, akaikamata mikono ya koti la baba yake. Regan alimsukuma mzee kwa bega kutoka chini ili atoke kwenye mkondo. Msukumo ule ndio uliomtoa Struan, na ndio uliomkosesha Regan pa kukanyaga. Suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani, ikajaa maji. Alipita mbele ya Ailsa karibu kiasi kwamba mkono mmoja ungemfikia.

Mikono yote miwili ilikuwa kwenye koti la baba yake. Struan alikuwa bado nusu mtoni, mzito, miguu imelegea. Akiachia mkono mmoja, baba anakwenda.

"Sikuchagua," Ailsa aliniambia. "Watu wanasema nilichagua. Mikono haikufunguka, basi. Aliniangalia akapita."

Netta alibonyeza kile kifaa cha kuomba msaada kinachoita helikopta, kwa kuwa kule juu simu hazishiki. Tulikwenda wote, wanaume na wanawake wa bonde, tukatembea kingo zote mbili. Ijumaa mto ulipopungua, mimi na wenzangu wawili tulimpata Regan chini ya mti ulioangukia majini, mbali sana na kibanda. Alikuwa amevaa buti moja. Mengine nitayaacha pale pale.

Ndugu zake walifika kutoka Bluff siku hiyo hiyo. Mzee wao mmoja alisali kando ya mto, kisha akaufunga kwa desturi yao. Pasivuliwe samaki wala mtu asitie mguu mpaka wao wenyewe waje kuufungua. Tukatii. Hata wale wageni wanaokuja na magari ya kukodi, tuliwarudisha barabarani.

Ailsa alirudi nyumbani kuchukua nguo nyeusi. Mama yake alikuwa jikoni, amekaa, jambo ambalo kwa Netta halikuwa la kawaida.

"Baba yako anaumwa," Netta alisema. "Ugonjwa wa kusahau. Daktari wa Invercargill alituambia tangu majira ya baridi."

Ailsa alibaki amesimama na begi mkononi. "Ulijua."

"Nilitaka apande mto mara moja tena na akili zake. Angalau nusu yake. Nilisema nitawaambia baada ya harusi."

"Ulimwacha atangulie peke yake. Ulikaa pale ukichemsha chai."

"Anaujua ule mto kuliko jina langu, Ailsa. Ndivyo nilivyofikiri. Kila kitu kitamtoka, mto utabaki."

"Nawe ulifikiri," Ailsa alisema, akatoka. Aliliacha geti wazi, kondoo wakatoka barabarani, nikawarudisha mimi.

Walimlaza Regan katika ukumbi wa ukoo wake kule Bluff, jeneza wazi, jamaa wamemzunguka mchana na usiku, wakizungumza naye na kumwimbia. Ailsa alipofika alisimama mlangoni kwa sababu hakujua sehemu yake ni ipi. Hakuwa mke, na mchumba huwekwa wapi? Mama yake Regan, Ngaire, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alipiga kwa kiganja godoro lililotandikwa sakafuni kando ya jeneza, karibu na kichwa cha mwanawe.

"Njoo hapa. Nafasi ya mke ni hii."

"Mama, hatukuwahi..."

"Nimekuuliza kama mliwahi? Kaa, mwanangu."

Akakaa. Ilipotimu Jumamosi, Jocelyn aliondoa maua ya sukari kwenye keki, tukaipeleka Bluff kwenye buti la gari. Hatukujua kingine cha kufanya nayo. Akina mama wa jikoni waliipokea, wakaikata, ikaliwa na chai pamoja na mkate na samaki. Watu wengi hawakujua ilikuwa keki ya nini.

Ngaire ndiye aliyetaka Struan aletwe. Alisema mtu ambaye Regan amekufa kwa ajili yake lazima aje kumwona. Netta alimleta, amemvalisha suti, na suti aliyokuwa nayo ni ile moja aliyoshonewa kwa ajili ya harusi. Alishuka garini akiwa mchangamfu. Aliona watu wengi, ukumbi, viti, vyakula vikipita. Waliitwa waingie kwa wimbo wa mwanamke mmoja, nasi tuliotoka bondeni tukaingia nyuma yao. Struan alinyooka mgongo kama bwana mkubwa, akawapa watu mikono mstari mzima, akitabasamu.

"Asanteni kwa kuja. Hali ya hewa imetukubali. Asanteni."

Netta alikuwa akimvuta mkono wa koti. "Struan. Struan, siyo."

Alimfikia Ngaire. Akainama, akambusu shavuni.

"Hongera, mama," alimwambia. "Una kijana mzuri. Kuvua hajui, lakini tutamfundisha."

Mjomba mmoja wa Regan alianza kuinuka kwenye kiti chake. Ngaire alimtazama mara moja, mjomba akarudi kukaa. Kisha Ngaire akashika mkono wa Struan kwa mikono yake miwili, akakaa nao kitambo.

"Asante, mzee," alisema. "Alinisimulia. Alisema utamcheka sana."

"Alinasa mti."

"Ndiyo. Aliniambia kwa simu asubuhi mliyoondoka kwamba atanasa miti. Nenda ukale, mzee. Kuna chakula kingi."

Struan akaenda kula. Hakutazama ndani ya jeneza; nadhani aliliona akalichukulia kuwa meza. Ailsa alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ubao wa jeneza. Netta alisogea akataka kumgusa mgongo, na Ailsa akasema, bila kuinua uso, "Mtoe hapa. Na wewe toka."

Baada ya mazishi hakurudi. Alibaki nyumbani kwa Ngaire majira yote ya baridi, akilala kwenye chumba cha Regan, akifungua chaza kwenye banda moja la bandarini na akina mama wa pale. Netta alibaki na mzee peke yake. Nilimsaidia kwa kondoo nilivyoweza, lakini ndani ya nyumba hakuna jirani anayeweza kusaidia. Kila asubuhi Struan aliamka akauliza harusi ni lini. Mwanzoni Netta alimwambia ukweli, naye akalia kama amesikia leo, kwa kuwa kweli alisikia leo. Kisha akaanza kumwambia ni wiki ijayo.

Mwezi wa tisa, kondoo walipoanza kuzaa na barafu bado inashika asubuhi, Netta aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono. Nikaendesha gari mpaka Bluff. Nilimkuta Ailsa amekaa uani na Ngaire, wanasafisha na kushona nyavu.

"Mama yako kavunjika mkono," nilisema. "Wanakondoo wanakufa kwa baridi. Mimi nina wangu, siwezi kote."

"Piga simu kwa kaka zangu."

"Nimepiga. Wamesema poleni."

Ailsa aliendelea na wavu. Ngaire ndiye aliyezungumza.

"Nenda."

"Unanifukuza, Mama?"

"Nakutuma. Mwanangu alikufa akimtoa yule mzee majini. Mkimwacha sasa azame jikoni kwake, Regan alifanya kazi ya bure." Alikata uzi kwa meno. "Mama yako si lazima umpende. Mpikie."

Alirudi na mimi siku hiyo hiyo. Tulipoingia uani Struan alikuwa dirishani. Alitoka nje na viatu vya ndani.

"Umefika," alimwambia. "Regan yuko wapi? Jumamosi si mbali."

Nilitaka kuondoka lakini nilikuwa nimebeba begi lake. Ailsa alimshika baba yake mabega, la kulia na la kushoto.

"Amekufa, Baba. Alizama mtoni."

Struan alimtazama. Hakulia. Aliingia ndani, na tulidhani ameshasahau. Alipotoka alikuwa amevaa ile suti, vifungo havilingani, akaenda kusimama getini.

"Unasubiri nini?" Ailsa alimuuliza.

"Gari. Lazima twende tukamzike kijana."

Netta aliyasikia hayo akiwa mlangoni, mkono umefungwa plasta. Akasema amwache tu, atachoka arudi. Ailsa alichukua ufunguo wa gari langu mkononi mwangu, akamfunga baba yake mkanda, wakaondoka. Alirudi Bluff siku ile aliyotoka Bluff. Makaburi ya kule yako mlimani, yanatazama bahari, na upepo haukomi. Aliniambia kwamba Struan alisoma jina juu ya msalaba polepole kwa sauti. Alivua kofia. Akauliza kijana alikuwa wa nani.

"Alikuwa wangu," Ailsa alijibu.

"Pole, mwanangu. Alikuwa mwema?"

"Alikuwa mwema."

"Nani alikuwa naye mtoni?"

Hapo, Ailsa aliniambia, alikuwa na jibu mdomoni, jibu lile alilolibeba majira yote ya baridi. Mzee alisimama mbele yake na kofia mkononi, nywele zinapeperuka, anasubiri aambiwe.

"Alikuwa na watu wake," akamwambia. "Hakuwa peke yake."

Struan akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Walipokaribia bondeni akauliza harusi ni lini.

Ailsa yuko pale mpaka sasa. Struan alikufa mwaka uliofuata kwa homa ya mapafu, kitandani kwake, bila kumjua mtu yeyote chumbani. Ngaire alikuja mazishini na jamaa zake, na ndugu wale wale walikuwa wameshakuja kuufungua mto. Watu wanavua tena. Ailsa havui. Fito ziko bandani, na panya wamekula manyoya ya ndoano zote.

Yeye na mama yake wanakula meza moja. Wanazungumza habari za nyua, za bei ya manyoya, za mbwa. Mwezi uliopita nilikwenda kuazima mashine ya kuchanjia kondoo nikawakuta wanakula. Netta aliniambia nikae. Ailsa aliinuka akaniletea sahani, na alipopita nyuma ya mama yake alimrekebishia shali begani, haraka, bila kumtazama. Netta aliacha kutafuna.